Tambarare ya Uskoti si njia ya mkato

Katika miaka yote niliyowaongoza watu kutembea kwenye Nyanda za Juu za Uskoti, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kama hii: "Tupite huku chini, ni tambarare, tutafika mapema." Wiki iliyopita niliipokea tena, safari hii ikiwa ni mstari mmoja ulionyooka uliochorwa juu ya kinamasi kutoka bonde moja hadi jingine, na mwenye mpango alikuwa amekwisha kukata tiketi ya treni ya jioni.

Naelewa dhana hiyo inakotoka. Pale kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zinapoachana kwenye ramani, jicho husoma wepesi. Hata hivyo, kontua za ramani ya 1:50,000 hupishana kimo kwa mita 10, ilhali makorongo ya mboji, yaani ile mifereji iliyochimbwa na maji katika udongo mweusi wa mimea iliyooza, mara nyingi huwa na kina cha mita 2 au 3 tu, kwa hiyo makorongo mengi yanaweza kujificha kati ya kontua mbili bila ramani kuwa na kosa lolote. Anayepita kwenye milima ya Monadhliath hushuka ukingo unaoteleza, huvuka tope, hupanda ukingo wa pili, na hatua chache mbele hukuta korongo jingine, hata ule mstari ulionyooka ukawa ni kuzunguka kusikokwisha.

Wengi hunijibu kwa kanuni ya Naismith. William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, aliitoa mwaka 1892, na kwa vipimo vya leo inahesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni nzuri na ninaitumia, lakini haisemi neno kuhusu ardhi unayoikanyaga. Kwa hesabu yake, kilomita 12 za tambarare ni saa 2 na dakika 24. Mimi kwenye makorongo ya mboji huhesabu kilomita 2 kwa saa, na hivyo safari hiyo hiyo huwa ya saa 6. Mwishoni mwa Desemba, mchana wa huko hautimizi urefu wa saa 7. Ukipita juu ya mgongo mkavu wa mlima, kilomita 16 na mita 600 za kupanda zitakuchukua saa 4 na dakika 12, na utafika mapema ingawa umekwenda mbali zaidi na juu zaidi.

Januari 1889 watu saba waliohusika na mradi wa reli ya West Highland walijaribu kuivuka Rannoch Moor, uwanda mpana wa kinamasi, kwa miguu. Giza na hali mbaya ya hewa viliwakuta katikati ya kinamasi, wakatawanyika, na kunusurika kwao wote kulikuwa bahati kubwa. Reli yenyewe ilibidi ilazwe juu ya matabaka ya matawi, mizizi, udongo na majivu, kwa sababu mboji haikuweza kuubeba uzito wake.

Ndiyo maana nawasihi wateja wangu waitazame picha ya satelaiti kabla ya kuchora mstari wowote, kwani michirizi ya kahawia iliyokolea ndiyo makorongo. Mkiwa njiani, someni mimea: kangaga za huko, ziitwazo bracken kwa Kiingereza, huota penye udongo usiotuamisha maji, vichaka vifupi vya maua ya zambarau mara nyingi hubeba mguu, lakini kijani kinachong'aa, laini kama sponji, ni maji yaliyovaa majani.

Wanaosema kwamba kinamasi huganda wakati wa baridi wasisahau kwamba theluji ni blanketi. Ikitangulia kuanguka, tope lililo chini yake hubaki laini. Wanaotegemea kiangazi wajue kwamba mboji hushika maji hata baada ya siku nyingi bila mvua. Aliyefika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, asiidharau milima isiyofika mita 1,000, kwa kuwa kule alikuwa na njia iliyokanyagwa, waongozaji na wapagazi. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inakuruhusu kutembea karibu popote ukiwajibika, lakini ruhusa hiyo haikutengenezei njia, na mstari wa nukta kwenye ramani unaweza kuwa njia iliyokwisha kumezwa na majani miaka mingi iliyopita.

Jambo la mwisho ni vijito. Mstari mwembamba wa buluu, ambao jana mtu aliuruka kwa hatua moja, baada ya mvua ya usiku mmoja unaweza kuwa mto unaoangusha watu wazima. Pangeni kuuvukia juu, kabla vijito vingine havijauingia, na katika kila mpango andikeni mtarudi kwa njia gani iwapo hauvukiki. Maji hayo hupungua upesi kama yalivyojaa, kwa hiyo kungoja hadi asubuhi ni uamuzi halali kabisa, mradi mmebeba hema na chakula cha siku ya ziada.