Uhariri wa jeni: mkasi ulioharibu ili kuponya

Neno "kuhariri" tumelizoea magazetini. Mhariri anakuta "Mama anapiga wali" pale mwandishi alipokusudia "Mama anapika wali", anafuta g, anaweka k, kazi imekwisha. Kosa ni la herufi moja na sentensi bado imesimama vizuri, ila mambo yamegeuka: aliyekuwa mpishi sasa ndiye mlaji. Vijana wa mjini watanielewa.

Uhariri wa jeni ni kazi ya namna hiyo, ikifanyika ndani ya seli ya kiumbe hai. Vinasaba vya binadamu vimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zilizojipanga katika mfuatano wa herufi zipatazo bilioni 3. Jeni ni kipande cha mfuatano huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Kuhariri jeni ni kuiendea sehemu maalumu ya maandishi hayo na kuibadilisha palepale ilipo. Tiba ya jeni iliyotangulia ilifanya kazi kwa njia nyingine: iliingiza nakala mpya ya jeni ndani ya seli na kuiacha ile mbovu ilivyo.

Ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi maana ya dhana hii ni selimundu, ambayo mitaani tunaiita sikoseli. Katika jeni ya beta-globini, kipande cha himoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu), mahali palipotakiwa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. A moja imekuwa T, basi. Matokeo yake, himoglobini ikishaachia oksijeni hushikana na wenzake na kuwa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu ya damu, ambayo ni ya duara na laini, inajipinda kama mundu. Chembe nzima huishi siku zipatazo 120, hii iliyojipinda huishi kati ya 10 na 20. Ndiyo maana damu ya mgonjwa haiishi kupungua, na chembe zinapokwama kwenye mishipa midogo huja yale maumivu ya mifupa ambayo mzazi aliyekesha na mtoto wake hahitaji kuelezwa.

Kosa hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, na katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kwamba tofauti yenyewe ni ya asidi amino moja tu, yaani kiungo kimoja katika mnyororo unaounda protini. Kwa zaidi ya nusu karne watu walijua kosa liko wapi. Kilichokosekana ni chombo cha kulifikia.

Chombo kilitoka kwa bakteria. Mwaka 1987 Yoshizumi Ishino na wenzake huko Osaka waliona, ndani ya vinasaba vya bakteria wa tumboni, maneno yanayojirudiarudia bila sababu ya wazi. Francisco Mojica wa Alicante, Hispania, akayakuta tena kwenye vijidudu wanaoishi katika madimbwi ya chumvi, na mwaka 2005 akachapisha hoja kwamba vipande vilivyo katikati ya marudio hayo vinafanana na vinasaba vya virusi. Yaani bakteria anaweka kumbukumbu ya maadui waliowahi kumshambulia. Miaka miwili baadaye watafiti wa kampuni ya Danisco, ambao shughuli yao ilikuwa bakteria wa kugandisha mtindi, walithibitisha kwamba kumbukumbu hiyo kweli inamkinga bakteria na virusi. Mfumo huo ndio unaoitwa CRISPR.

Kisha Emmanuelle Charpentier, Mfaransa, na Jennifer Doudna, Mmarekani aliyekulia Hilo, Hawaii, wakakutana kwenye mkutano huko Puerto Rico mwaka 2011. Mwaka uliofuata walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba protini ya bakteria iitwayo Cas9 ni mkasi unaoweza kuelekezwa. Unaipa kipande kifupi cha RNA, jamaa wa karibu wa vinasaba, chenye herufi 20 zinazolingana na mahali unapopataka, inakwenda kupatafuta na kupakata. Ukitaka ikate pengine, unabadilisha zile herufi 20. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Virginijus Šikšnys wa Vilnius, Lithuania, alikuwa amefika karibu mahali hapohapo kwa wakati huohuo. Nobel haikumtaja, ila Tuzo ya Kavli ya mwaka 2018 iliwapa wote watatu. Mwaka 2013 Feng Zhang na watafiti wengine wakaonyesha kwamba mkasi huo unakata hata ndani ya seli za binadamu.

Hapa ndipo jina "uhariri" linapowapoteza wengi. Ukisikia kwamba selimundu sasa inatibiwa kwa CRISPR, unadhani daktari amekwenda kwenye ile T na kuirudisha kuwa A. Hakufanya hivyo. Katika tiba ya kwanza kuidhinishwa, hiyo T haiguswi kabisa. Mkasi unakwenda kuharibu kitu kingine, tena kilichokuwa kizima.

Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini nyingine, ya kichanga, inayojua kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Baada ya kuzaliwa, inazimwa kidogo kidogo na ile ya utu uzima inachukua nafasi. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, alisema kwamba huenda himoglobini hiyo ndiyo inayowakinga wachanga wenye selimundu. Hata wazazi wameliona hilo bila maabara: mtoto anazaliwa mzima, miezi inapita, kisha vidole vya mikono na miguu vinaanza kuvimba. Na mashariki mwa Saudi Arabia wako wagonjwa ambao himoglobini yao ya kichanga hubaki juu hadi ukubwani, na ugonjwa wao huwa mwepesi.

Nani anayeizima himoglobini hiyo? Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin wa Boston walionyesha kwamba ni protini iitwayo BCL11A. Basi mkasi unatumwa kukata swichi inayoiwasha BCL11A katika seli zinazozaa chembe nyekundu. Seli inajaribu kuungaunga palipokatwa, inakosea, swichi inakufa, na himoglobini ya kichanga inarudi kazini. Kwangu mimi huu ndio ujanja mkubwa kuliko mkasi wenyewe: kuharibu ni rahisi kuliko kusahihisha, na safari hii kuharibu kunatosha.

Kwa mgonjwa si sindano moja ya kwenda na kurudi. Seli shina, zile zinazozaa chembe za damu, huvutwa kutoka kwenye uloto ulio ndani ya mifupa hadi kwenye damu, huchujwa kwa mashine, hupelekwa maabara kukatwa, na kupimwa kwa muda wa miezi. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuusafisha uloto wa zamani, za jamii ile wanayopewa wenye saratani. Nywele hukatika, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Ndipo seli zake zinarudishwa kwa dripu. Victoria Gray wa Mississippi alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini Marekani kuipata, mwaka 2019. Tiba hiyo, kwa jina Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa bei hiyo, na kwa mahitaji hayo ya hospitali, wazazi wa Mwanza au Kisumu wataendelea kwa sasa na vidonge vya haidroksiyurea na foliki.

Kalamu halisi, inayogeuza herufi moja bila kuukata vipande viwili uzi wa vinasaba, ilitoka kwa David Liu na wenzake mwaka 2016. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia, Kiran Musunuru na Rebecca Ahrens-Nicklas, walitangaza kwamba wameitumia ndani ya ini la mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu, kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Huo sasa ni uhariri kwa maana ya gazetini.

Jambo moja huulizwa sana: je, aliyetibiwa anarithisha uzima? Hapana. Seli zilizohaririwa ni za uloto, si za yai wala mbegu. Mwanasayansi He Jiankui wa China alipohariri viinitete, yaani mimba changa kabisa ambazo mabadiliko yake hurithiwa, wakazaliwa mapacha mwaka 2018, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Kwa aliyetibiwa selimundu, uloto wake umebadilika, lakini yai au mbegu yake bado ina ile T. Akizaa, kila mtoto atapata kwake S moja, yaani jeni moja yenye kosa, na kama mwenzi wake ni AS, mwenye jeni moja nzima na moja yenye kosa, nusu ya uwezekano ni kwamba mtoto atakuwa SS, yaani mgonjwa.