Je, wajua kwa nini Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, hulipia upimaji wa VVU katika kambi za majeshi ya Afrika?

Septemba 1986 viongozi wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikutana Harare. Yoweri Museveni alikuwa na miezi michache tu madarakani. Kama alivyosimulia mwenyewe mara nyingi baadaye, Fidel Castro alimpa habari mbaya: kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Hao hawakuwa watu waliolala wodini. Walikuwa vijana wakakamavu, waliochaguliwa kwenda kusomea uongozi wa vita.

Ukielewa uzito wa habari ile, umeshaelewa nusu ya jibu la swali letu. Jeshi ambalo karibu theluthi ya maofisa wake wanaochipukia ina virusi, katika miaka ambayo dawa hazikuwepo, lilikuwa linahesabu mazishi ya makamanda wake kabla hayajafika.

Marekani ilikuwa imeanza kuwapima makuruta wake yenyewe Oktoba 1985, kwa hiyo wanajeshi wake waliujua ugonjwa huu mapema. Lakini UKIMWI kuitwa suala la usalama wa dunia kulisubiri hadi Januari 2000, pale Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipofanya kikao kuhusu ugonjwa huo barani Afrika, Makamu wa Rais wa Marekani Al Gore akiwa kitini. Julai mwaka huohuo likapitishwa Azimio namba 1308, lililozitaka nchi ziwaandae walinda amani wao: elimu ya kujikinga, ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Askari anayetumwa kutuliza vita asiondoke na virusi, wala asivilete.

Hapo ndipo fedha zilipoanza kupita mlango wa jeshi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina mpango wake wa kuzuia VVU katika majeshi rafiki, unaojulikana kwa kifupi kama DHAPP, na makao yake yamekuwa San Diego. Mpango huo umekula kutoka vyungu viwili. Cha kwanza ni bajeti ya ulinzi yenyewe: kwa miaka kadhaa sheria ya bajeti hiyo ilitenga angalau dola milioni 8 kwa elimu ya kuzuia VVU inayoambatana na mafunzo na mazoezi ya kijeshi, hasa katika nchi za Afrika. Kwa Pentagon hizo ni senti. Chungu cha pili ndicho kikubwa, nacho ni PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI duniani, uliotangazwa na Rais George W. Bush Januari 2003 kwa ahadi ya dola bilioni 15 katika miaka mitano. Tangu hapo umetumia zaidi ya dola bilioni 100. Bunge la Marekani huidhinisha, Wizara ya Mambo ya Nje husimamia, kisha fedha hugawanywa kwa taasisi zinazotekeleza, na Wizara ya Ulinzi ni mojawapo.

Kwa nini wasimwachie daktari wa kiraia kazi hii? Jaribu kumfikiria ofisa wa shirika la misaada akifika getini mwa kambi na fomu zake, akiomba aambiwe ni askari wangapi wana virusi. Hapati kitu. Idadi ya wagonjwa jeshini ni siri ya ulinzi, maana humweleza adui ni kikosi gani hakiwezi kuingia vitani. Daktari mwenye magwanda akimwendea daktari mwenye magwanda mwenzake, mambo hubadilika: wanajua vyeo, wanajua nani anaripoti kwa nani, na wanajua kwamba kamanda asipotoa amri hakuna atakayejipanga foleni ya kupima.

Amri hiyohiyo ndiyo tatizo. Upimaji wa hiari una maana gani kwa mtu aliyefunzwa kutii? Askari anaogopa kwamba majibu yatamfikia mkubwa wake, apoteze safari ya kulinda amani na posho yake, au asipandishwe cheo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii, ukiacha dawa na kondomu, ni kuwafundisha wahudumu kutunza siri na kuwashawishi makamanda watangulie kupima. Tohara ya kitabibu nayo ilipata nafasi baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa karibu asilimia 60. Kambi iliyojaa vijana wa kiume ni mahali pazuri pa huduma ya namna hiyo.

Hapa niweke neno la tahadhari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI, ilieleza kwamba magonjwa ya zinaa jeshini wakati wa amani huwa mara mbili hadi tano zaidi ya uraiani, na watu wakaichukulia kauli hiyo kama kanuni ya VVU kila mahali. Watafiti waliochunguza baadaye walikuta picha isiyonyooka hivyo. Majeshi mengi huwapima makuruta na kuwakataa wenye virusi, kwa hiyo kijana huingia akiwa salama kuliko wenzake wa mtaani, na hatari huongezeka kadiri anavyokaa kazini na kuhamishwa mbali na nyumbani. Mshahara wa uhakika na mke aliye mbali hueleza mengi kuliko bunduki.

Tena faida haiishii getini. Hospitali za jeshi katika nchi nyingi hutibu wake, watoto na raia wanaoishi jirani, hivyo mashine ya maabara iliyonunuliwa kwa jina la askari humpima pia mama mjamzito asiyejua kupiga saluti.

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na PEPFAR ikakumbwa. Siku chache baadaye kibali maalumu kiliruhusu baadhi ya huduma ziendelee: matibabu kwa wenye virusi, na kinga ya mama asimwambukize mtoto. Dawa za kujikinga kabla ya kuambukizwa ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Kuruta wa miaka 20 aliyepimwa akakutwa salama, yule ambaye mpango mzima ulianzishwa ili abaki hivyo, hakuwemo kwenye orodha.