Kwa nini mkono wa kushoto huuiga wa kulia kwenye piano?

Ukipata piano karibu, hata kama ni kinanda cha kanisa chenye vitufe 61 na kimoja kimeshakufa, jaribu jambo hili. Weka madole gumba yako yote mawili kwenye Do ya katikati. Sasa mikono iachane: wa kulia upande kidole kwa kidole, wa kushoto ushuke vivyo hivyo. Utashangaa inavyokwenda vizuri, hata kama hujawahi kugusa piano maishani.

Rudi mwanzo. Safari hii kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikae kwenye Do ya chini, dole gumba la kulia kwenye Do ya katikati, na mikono yote ipande pamoja: Do, Re, Mi, Fa, So. Nota ni zile zile kushoto na kulia, kwa hiyo ungetarajia iwe rahisi zaidi. Ongeza kasi kidogo tu uone. Mkono wa kushoto utababaika, kisha utaanza kufanya anachofanya mwenzake, kama kivuli.

Mimi nilianza piano nikiwa na miaka 43, Jumamosi saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha kanisa moja Buruburu, chini ya mwalimu aliye rika la mwanangu wa kwanza. Wiki tatu za mwanzo niliamini mkono wangu wa kushoto ni mjinga. "Si ujinga, mama," aliniambia. "Unaiga tu."

Alikuwa sahihi. Sikio husikia nota, lakini ubongo unapoagiza mikono unashughulika na vidole. Katika zoezi la kwanza dole gumba linagonga na dole gumba, cha pili na cha pili, hadi mwisho. Katika zoezi la pili, dole gumba la kulia linagonga pamoja na kidole cha mwisho cha kushoto, na vinavyokutana na pacha wake ni vile vya kati peke yake. Mwili wetu unapenda zaidi ule mpangilio wa kioo.

Huhitaji piano kuliona hili. Ukiwa umekaa kwenye matatu, nyoosha vidole vya shahada vya mikono yote miwili na uvipeleke kulia na kushoto sambamba, kama waipa za gari. Anza polepole, kisha ongeza kasi. Ukifika mahali fulani vidole vitaacha kwenda sambamba vyenyewe na kuanza kukaribiana na kuachana, kama mlango wa mabawa mawili. Mtafiti Scott Kelso alilieleza jambo hili mwaka 1984, na la kufurahisha ni kwamba mgeuko huwa wa upande mmoja: ukianza na mwendo wa kioo ukaongeza kasi, haugeuki kuwa wa waipa.

Mkono wa kulia huongozwa zaidi na nusu ya kushoto ya ubongo, na wa kushoto na nusu ya kulia. Nusu hizo mbili zimeunganishwa na tita nene la nyuzi za neva, takriban milioni 200, na habari za upande mmoja huvuka kwenda wa pili. Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani waliwapima watu ambao tita hilo lilikuwa limekatwa ili kutuliza kifafa kikali. Waliweza kuchora maumbo mawili tofauti, kila mkono na lake, kwa wakati mmoja, bila moja kuharibu jingine. Jaribu wewe kuchora duara kwa mkono mmoja na mraba kwa mwingine. Mraba utatoka na pembe za chapati.

Na umri je? Kuna utafiti wa 1995 unaopenda kututisha sisi wa miaka arobaini na kitu: wanamuziki walioanza kabla ya miaka saba walikuwa na sehemu ya mbele ya tita hilo kubwa kuliko wengine. Ni kweli, lakini haina maana kwamba mlango umefungwa. Mwaka 2004 watu wazima waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu walionekana kubadilika ubongo kwenye picha. Isitoshe, mtu mzima wa Nairobi tayari ana ujuzi wa namna hii. Mtazame makanga mlangoni: mkono mmoja unapiga bodi ya gari, mwingine unahesabu noti zilizokunjwa katikati ya vidole. Au kumbuka ulipojifunza gari la gia, mkono wa kushoto kwenye gia na wa kulia kwenye usukani, gari likiruka kama chura. Siku hizi hata hufikirii. Zile kazi mbili ziligeuka kuwa tendo moja.

Hapo ndipo kwenye dawa, na mimi niliipata kwa nota tatu dhidi ya mbili. Kulia anagonga mara tatu katika muda ambao kushoto anagonga mbili. Mwezi mzima nilijaribu kuhesabu kila mkono peke yake, nikashindwa. Kisha mwalimu akasema niache kuhesabu, niseme "ndoo ya maji". Iseme bila haraka: *ndoo* ni ndefu, *ya* fupi, *ma* fupi, *ji* ndefu. Kwenye *ndoo* mikono yote inagonga. *Ya* ni kulia, *ma* ni kushoto, *ji* ni kulia. Rudia bila kusimama. Mkazo wa Kiswahili unaangukia *ma* wenyewe, pale pale kushoto anapotakiwa. Ubongo hauna tena mipango miwili ya kugombana. Una sentensi moja inayotamkwa na mikono miwili. Na aliyekulia kwenye chakacha atagundua kwamba sikio lake lilikuwa limeijua tatu na mbili muda mrefu, mikono ndiyo ilikuwa nyuma.

Angalizo kwa wenye kibodi za kanisa: ule mtindo wa kubonyeza nota chache kwa kushoto na mashine ikapiga ngoma na besi yenyewe ni mtamu, lakini mkono wa kushoto unakaa tu kama abiria. Uzime unapofanya mazoezi. Na dakika kumi na tano kila jioni zinashinda saa mbili za Jumamosi, kwa sababu sehemu ya kazi hufanyika usingizini: katika utafiti wa 2002, waliojifunza mpangilio wa vidole kisha wakalala waliamka na kasi iliyopanda kwa takriban asilimia 20, bila mazoezi ya ziada.

Juzi maji yalikatika mtaani, tukapanga foleni na mitungi kwenye mkokoteni. Nikajikuta napiga juu ya kifuniko, tatu kulia, mbili kushoto, midomo ikisema yale maneno. Mama aliyekuwa nyuma yangu alinisikiliza kwa muda, kisha akanigusa bega. "Ndoo ni shilingi ishirini, dada. Songa, wewe ndiye unafuata."