Mtoto Mwenye Madoa Yanayokoma Kwenye Kola

Katika kliniki ya ngozi hapa Mombasa, mtoto wa aina hii hutambulika kabla mama hajaketi: uso ameuficha ndani ya buibui la mama, macho ameyafumba kwa kuogopa mwangaza, na anapofunguliwa kola ya kanzu huonekana kwamba vidoadoa vyeusi vilivyojaa usoni na shingoni vimekoma palepale nguo inapoanzia, huku kifua kikiwa safi kabisa. Mpaka huo hutuonyesha kwamba kinachomdhuru ni jua, wala si kijicho cha jirani.

Ugonjwa huo, uitwao zeroderma pigmentosa, ni nadra. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida wenyewe ni wazima, na kila mimba yao huwa na uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Huonekana zaidi watu wa ukoo mmoja wanapooana; nalitaja hilo ili familia imweleze daktari bila kuficha, si kwa kuwalaumu mabinamu waliooana. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huharibu vinasaba katika ngozi ya kila mtu, ila mwili hurekebisha. Mwaka 1968 mtafiti James Cleaver alionyesha kwamba seli za wagonjwa hawa hushindwa kurekebisha. Ndiyo maana saratani ya ngozi huweza kumpata mtoto kabla hajatimiza miaka 10, na hata ncha ya ulimi haisalimiki.

Wazazi wengi husubiri waone ngozi ikiungua, na hapo ndipo wakati hupotea, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa hawaungui kupita kiasi bali huota madoa tu. Madoa ya namna hiyo kabla ya miaka miwili yatosha kumpeleka mtoto kwa daktari wa ngozi.

Kivuli cha mwembe peke yake hakitoshi, maana mchanga mweupe wa pwani hurudisha miale juu, mawingu ya masika huipitisha, na kioo cha dirisha la matatu huzuia sehemu yake tu. Mtoto avae mikono mirefu, kofia pana na miwani ya jua, apakwe krimu ya kukinga jua yenye alama ya SPF (kipimo cha kinga hiyo) 30 au zaidi kila baada ya saa mbili, na apewe vitamini D kwa ushauri wa daktari. Darasani na madrasa akae mbali na dirisha. Baada ya magharibi anaweza kucheza uani na wenzake, mradi taa iwe ya LED.