Umejenga na milioni nane, valua anaandika sita: nani amekosea?

Siku valua wa benki, yule mtu wa kukadiria bei ya nyumba, alikuja kwa shemeji yangu Kiamunyi, hapa Nakuru, mimi nilikuwepo. Shemeji alimvuta sebuleni moja kwa moja amwonyeshe siling ya jipsamu yenye taa za buluu, jamaa akaangalia labda sekunde mbili, akapiga picha, akatoka nje kutafuta beakoni, zile alama za mpaka wa ploti, kwa nyasi. Alimaliza muda mrefu huko kuliko ndani, beakoni moja ilikuwa imezikwa na akakataa kuondoka bila kuiona, manake ukijenga kwa ploti ya mtu mwingine hiyo jipsamu inasaidia nini? Ripoti ikakuja milioni sita, na yeye ametumia nane. Mpaka leo anasema alionewa.

Dhana ndio hiyo sasa, ati pesa uliyotumia ndio bei ya nyumba. Hapana. Risiti za hadwea zinaonyesha gharama tu. Valua anauliza nyumba kama hiyo mtaa kama huo imeuzwa ngapi juzi, na kama majirani wameuza sita nani atakuongezea mbili juu ya taa za buluu? Kuna kuhesabu gharama pia, ploti kando, jengo kando ukitoa uchakavu, na kama ni nyumba za kukodisha ataangalia kodi inayoingia akitoa repea na ile miezi zinakaa tupu. Lakini nyumba ya kuishi, mauzo ya jirani ndio huongoza. Na ni mauzo, bei yenye watu walilipa kweli, sio ile broka anakutajia akiwa kwa kibanda cha chai.

Ingine ni ati nyumba ina bei moja. Ripoti moja unaweza kupata tatu: bei ya soko, yenye hakuna mtu ana haraka, bei ya kuuza kwa haraka, yenye benki huangalia sana ikifikiria mnada, na bei ya bima yenye haihesabu ardhi juu moto hauchomi udongo. Watu husoma hiyo ya mnada wanaanza kulia. Na hata mnada uko na mipaka, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema benki itafute bei nzuri inayowezekana, ikiuza asilimia 25 ama zaidi chini ya soko inachukuliwa imekosea hadi ijitetee.

Dhana ingine, ati ukiwa karibu na tao ploti ni ghali. Kisumu, Milimani ya matajiri na Nyalenda ya mabanda zimepakana na bei haziongeleshani. Barabara, suwa ya maji taka, karatasi za ploti, udongo, vyote vinaingia, ukipata ule udongo mweusi wa Kisumu msingi pekee utakumaliza. Hapa kwetu uliza watu wa Mwariki vile Ziwa Nakuru lilipanda likaingia kwa manyumba.

Na wale wajanja wa kuandika bei ndogo kwa agrimenti ndio walipe ushuru wa stempu kidogo, ule wa kuhamisha umiliki: valua wa serikali hutoa bei yake, na asilimia 4 ya mjini ama 2 ya mashambani inahesabiwa kwa hiyo yake.

Shemeji juzi ameniuliza akiongeza balkoni itafika ngapi. Nikamuuliza ile beakoni alishaiinua.