Dawa za OCD hazimfanyi mtoto kuwa mraibu

Wazazi wengi Uganda wameambiwa kwamba mtoto akianzishiwa dawa za akili ndiyo basi tena, atakuwa mraibu. Kwa OCD, ugonjwa unaomlazimisha mtoto kunawa mikono mpaka ngozi ipasuke au kukagua komeo la mlango tena na tena, hilo si kweli.

Dawa zinazotumika sana ni fluoksetini na setralini. Hazilevyi, wala hazimtii mtoto hamu ya kuongeza dozi. Nafuu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12, na inasikitisha kwamba wengi huziacha kabla ya hapo. Zikiachwa ghafla huleta kizunguzungu na hasira; pengine ndipo uvumi ulipoanzia. Daktari huzipunguza kidogokidogo. Wiki za mwanzo mwangalieni kwa karibu: akizungumzia kujiumiza, rudini hospitali siku hiyohiyo.

Dawa pekee mara nyingi haitoshi, na OCD ikiwa nyepesi, matibabu huanza na tiba ya kisaikolojia. Katika tiba hiyo, kwa mfano, mtoto anashika kitasa cha choo, kisha anakaa bila kunawa mpaka hofu ishuke yenyewe. Kumtazama mwanao akilia hivyo kunauma. Lakini kila anapouliza, “Mama, mikono yangu ni safi?” nawe ukamjibu ndiyo kwa mara ya kumi, unaulisha ugonjwa. Mtaalamu atawafundisha nyote wawili namna ya kupunguza majibu hayo taratibu. Kampala, hospitali ya Butabika ina huduma ya watoto na vijana.