Mwalimu wa michezo, uliza kwanza kabla hujamshika mtoto

Nafundisha walimu wa michezo watarajiwa hapa Tanga na kila mwaka kabla hawajaenda fildi nakutana na mawazo yaleyale kuhusu watoto wenye ulemavu, si kwamba wana roho mbaya, wengi ndo walivyolelewa.

La kwanza, eti mtoto akiwa kwenye kiti mwendo basi kumsaidia ni kumsukuma tu. Hapana jamani. Kile kiti ndo miguu yake, ukikishika ghafla ni sawa na mtu akubebe mzobemzobe barabarani. Mwanachuo mmoja alimsukuma dogo mbiombio kuingia uwanjani, na viwanja vyetu vingine mchanga mtupu, vigurudumu vya mbele vikazama mtoto akaenda chini kifudifudi. Angemuuliza angeambiwa kwenye mchanga kiti kinageuzwa, kinavutwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yanatangulia. Uliza "nikusaidieje?" halafu SUBIRI jibu, akikataa usinune. Asiyeona vilevile, usimvute mkono, mpe kiwiko akishike yeye, we tangulia nusu hatua.

Dhana nyingine, mwenye ulemavu kazi yake kuhesabu magoli. Hii inaniuma sana, mwaka mzima mtoto anahesabu magoli ya wenzake! Voliboli ya kukaa ipo, wavu wa wanaume sm 115 na wanawake sm 105, funga hata kamba, darasa zima likae chini wacheze wote. Kuna goliboli, mchezo wa wasioona, mpira una kengele ndani, watatu kwa watatu, wote wanazibwa macho hata anayeona kidogo, na watazamaji wanakaa kimya ili mpira usikike. Na wanaodhani kikapu cha kiti mwendo ringi inashushwa, haishushwi, ni mita 3.05 ileile.

Majina sasa. Wengi wanadhani kiziwi ni tusi, wakati wenyewe wana Chama cha Viziwi Tanzania, tusi ni "bubu". Filimbi haisikii huyo, inua bendera, na ukiongea naye mtazame yeye sio mkalimani. "Zeruzeru" tuache kabisa, sema mtu mwenye ualbino, halafu usimpangie kipindi cha jua la saa sita, mpe kofia na mikono mirefu, na rangi ya mpira iwe inayoonekana maana wengi wao macho hayaoni mbali.

Na mtoto akija na mama yake siku ya kwanza, usimuulize mama "huyu anaitwa nani?" Inama, msalimie, muulize mwenyewe.